Maumivu yaliyokosa jina: Endometriosi na kansa ya ovari, kutoka Lemera hadi leo

Kabla ya mwezi wa kumi mwaka 1996, mama wa Sange, wa Luvungi au wa Kiliba aliyesumbuliwa na tumbo la chini miezi na miezi alijua pa kwenda. Alipanda mlima hadi Lemera. Hospitali hiyo, iliyoanzishwa na wamisionari Wapentekoste kutoka Uswidi, ilikuwa juu ya uwanda wa Ruzizi, ndani ya tarafa ya Uvira, katika usultani wa Bafuliiru. Njia ilikuwa ndefu, na mvua ikinyesha iliteleza. Wamama wengine walifikishwa kwa kipoyi. Lakini huko juu kulikuwa na chumba cha upasuaji na daktari wa magonjwa ya wanawake.

Daktari huyo alikuwa Denis Mukwege. Alikuja Lemera mara ya kwanza akiwa kijana, baada ya kumaliza masomo ya udaktari Bujumbura mwaka 1983, na nia yake ilikuwa kutibu watoto. Kuona namna wamama walivyoteseka na kufa wakati wa kuzaa kulimbadilisha mawazo. Alienda Angers, Ufaransa, akasomea magonjwa ya wanawake, kisha akarudi mwaka 1989.

Tarehe 6 mwezi wa kumi mwaka 1996, vita vilipoanza, watu wenye silaha waliingia hospitalini. Zaidi ya watu 30, wagonjwa na wauguzi, waliuawa, wengine wakiwa vitandani. Mukwege hakuwapo siku ile, akapona. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu akitaka wamama wazae salama, lakini mgonjwa wa kwanza aliyeletwa hakuja kuzaa: alikuwa amebakwa. Tangu hapo dunia iliijua Kivu ya Kusini kwa majeraha hayo, na mwaka 2018 Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Historia hiyo wengi wanaijua. Iko nyingine iliyokaa nyuma yake, ya maumivu yasiyotokana na risasi wala ubakaji. Hospitali inapopambana kumwokoa anayevuja damu sasa hivi, mama anayesema "naumwa kila mwezi" huambiwa asubiri. Wako waliosubiri miaka 10. Ugonjwa wa baadhi yao una jina, unaitwa endometriosi. Na kwa wachache sana, ugonjwa huo unaweza kufungua njia ya kansa ya ovari.

Damu isiyopata mlango

Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando laini. Kila mwezi unajengeka, na mimba isipoingia unatoka pamoja na damu. Kwa mwenye endometriosi, utando unaofanana na huo unaota nje ya mfuko: juu ya ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai ya mwanamke, kwenye mirija, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye utumbo au kwenye kibofu. Huko nako unafuata mwezi. Unavimba na kuvuja damu, lakini damu hiyo haina mlango wa kutokea. Inabaki ndani, inachoma, inaacha makovu, na viungo vilivyopaswa kuteleza vinashikana. Ndani ya ovari inaweza kujikusanya hadi kufanya kifuko chenye maji mazito ya rangi ya kahawa iliyokolea. Madaktari wanakiita uvimbe wa chokoleti.

Dalili zake ni maumivu makali ya siku za mwezi yanayomlaza msichana kitandani na kumkosesha masomo, maumivu wakati wa tendo la ndoa, maumivu wakati wa choo kubwa katika siku hizo, uchovu, na mara nyingi kukosa mimba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke 1 kati ya 10 walio na umri wa kuzaa ana ugonjwa huu, jumla kama milioni 190 duniani. Linasema pia kwamba toka dalili za kwanza hadi siku ambapo ugonjwa unatajwa kwa jina lake, mara nyingi hupita miaka 4 hadi 12.

Kando ya Tanganyika, miaka hiyo inajazwa na majina mengine. Kwenye kituo cha afya itaitwa infeksio, itaitwa amibe, itaitwa tifoide. Mama anatoka na antibiotiki mkononi, damu ikiisha anapata nafuu, anadhani dawa imefanya kazi. Mwezi unaofuata anarudi palepale. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, wanasema chango. Nyumbani mama mkwe anasema ni ugumba, au kuna mtu amemfunga tumbo. Na tangu vita, kuna hofu nyingine inayowafunga wengi mdomo: ukionekana kwenye mstari wa daktari wa wanawake, majirani watasema ulibakwa. Hivyo mwenye kuumwa ananyamaza, na maumivu yanakaa bila jina.

Daktari wa Albany

Ugonjwa wenyewe si mpya. Mwaka 1860, huko Vienna, mtaalamu Karl von Rokitansky aliandika juu ya utando wa aina hiyo alioukuta mahali ambapo haukupaswa kuwa. Lakini aliyefungua njia ni John Sampson, daktari wa upasuaji katika mji wa Albany, Marekani. Alikuwa na desturi moja ambayo wenzake hawakuwa nayo: alipanga baadhi ya operesheni siku ambazo mgonjwa yuko mwezini, ili aone kwa macho yake ni wapi ndani ya tumbo damu inatokea.

Mwaka 1921 Sampson aliandika juu ya vile vifuko vya chokoleti. Mwaka 1927 alieleza chanzo kama alivyokifahamu: damu ya mwezi haitoki yote nje, nyingine inarudi nyuma kupitia mirija na kumwagika tumboni, na mbegu za ule utando zinaota huko. Maelezo hayo yanafundishwa hata leo, ingawa hayatoshi peke yake, kwa sababu wanawake wengi damu inawarudia hivyo na hawaugui.

Kati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1925, Sampson aliandika jambo ambalo halikusikika sana wakati ule. Alikuwa ameona ovari ambamo endometriosi na kansa vilikaa pamoja. Akajiuliza kama ya pili imezaliwa na ya kwanza. Hakutaka kukisia, akaweka masharti. Vyote viwili vionekane ndani ya ovari moja. Sura ya kansa ilingane na asili hiyo. Na isiwe kansa iliyosafiri kutoka kiungo kingine. Mwaka 1953 daktari mwingine wa Marekani, Scott, aliongeza sharti la nne: ionekane hatua kwa hatua jinsi utando usio na kansa unavyogeuka kuwa kansa. Kwa hiyo, miaka 100 imepita tangu swali liulizwe kwa utaratibu.

"Ugonjwa wa matajiri"

Lakini kabla ya jibu kupatikana, ugonjwa wenyewe ulipewa sifa isiyo yake. Katika miaka ya 1930 na 1940, daktari maarufu wa Boston, Joe Meigs, aliona endometriosi nyingi kwa wagonjwa waliolipa wenyewe, na kidogo kwa maskini waliotibiwa hospitali za umma. Akaamua kwamba chanzo ni kuchelewa kuolewa na kuzaa. Ushauri wake ulikuwa wasichana waolewe mapema na wazae mapema. Ushauri huo haujafa. Hadi leo msichana wa Mulongwe au wa Kasenga anayelia na tumbo ataambiwa na shangazi yake, "Ukizaa itaisha." Mimba inaweza kutuliza maumivu kwa muda kwa kuwa damu ya mwezi inasimama, lakini haiondoi ugonjwa.

Mawazo ya Meigs yalizaa mengine mabaya zaidi: kwamba mwanamke mweusi haugui endometriosi. Alipokuja na maumivu ya tumbo la chini, aliandikiwa maambukizi ya viungo vya uzazi, ugonjwa unaohesabiwa kuwa wa zinaa. Kwa maumivu yaleyale, mzungu alipewa jina la ugonjwa na mweusi akapewa aibu.

Aliyelivunja jambo hilo ni Donald Chatman, daktari mweusi wa Chicago. Aliwachunguza wanawake weusi walioandikiwa maambukizi hayo, akiangalia ndani ya tumbo kwa laparoskopi, chombo chembamba chenye taa kinachopitishwa kwenye tundu dogo. Matokeo aliyachapisha mwaka 1976: zaidi ya mwanamke 1 kati ya 5 alikuwa na endometriosi. Antibiotiki zote walizomeza hazikuwa na cha kutibu.

Kosa la Meigs linaonekana wazi sasa. Matajiri wa Boston hawakuugua kuliko maskini. Walichunguzwa kuliko maskini. Palipo na daktari na chombo, ugonjwa unaonekana. Pasipo navyo, watu wanasema haupo. Sehemu kama uwanda wa Ruzizi na pwani ya Fizi, ambako hata ekografia ni safari, ndiko ambako ni rahisi zaidi kusema haupo.

Wasikilizaji wa redio katika Afrika Mashariki walilisikia jina la endometriosi kwa nguvu kupitia mwenzao wa kazi, mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai. Ugonjwa ulimfikia hadi mapafu, jambo ambalo ni la nadra. Mwaka 2018 alipelekwa Atlanta, Marekani, kwa michango ya watu, akafanyiwa operesheni, na aliporudi alisema hadharani yale ambayo wengine waliyaficha. Alifariki Nairobi tarehe 3 mwezi wa sita mwaka 2024. Hakufa kwa kansa. Kifo chake kiliwaonyesha wengi kwamba endometriosi yenyewe, hata pasipo kansa, si "maumivu ya kawaida ya wanawake".

Jibu la swali la Sampson

Mwaka 2010, kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Vancouver, Kanada, lilichunguza aina mbili za kansa ya ovari ambazo mara nyingi hukutwa karibu na endometriosi. Ndani ya nyingi kati ya kansa hizo walikuta chembe ya urithi inayoitwa ARID1A imeharibika. Chembe hiyo kazi yake ni kuzuia seli zisizaliane ovyo. Kisha walikuta uharibifu uleule, kwa baadhi ya wagonjwa, katika endometriosi iliyokuwa jirani na kansa na ambayo ilikuwa bado haijageuka. Hatua kwa hatua, kama Scott alivyotaka.

Mwaka 2012 tafiti 13 ziliwekwa pamoja. Zilionyesha kwamba mwenye endometriosi ana hatari kama mara 3 ya kupata aina moja ya hizo kansa, na kama mara 2 ya kupata ile nyingine. Ile aina inayoua wengi zaidi haikuonyesha kuongezeka. Mwaka 2024, utafiti wa jimbo la Utah, Marekani, ulioangalia wanawake kama 450,000, ulipata kwamba kwa jumla hatari ya kansa ya ovari kwa wenye endometriosi ni kama mara 4, na inapanda zaidi kwa wenye uvimbe wa chokoleti au ugonjwa uliozama ndani ya nyama.

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu neno "mara 4" likipita redioni bila maelezo linaweza kumnyima mtu usingizi. Kansa ya ovari si ugonjwa wa wengi. Mara 4 ya kitu kidogo bado ni kidogo. Katika utafiti huo wa Utah, kwa kila wanawake 10,000 wenye endometriosi, ugonjwa huo uliongeza kansa kama 10 tu. Waliobaki, yaani karibu wote, hawakupata kansa kwa sababu hiyo. Endometriosi si kansa, na si hukumu ya kansa.

Lakini kansa ya ovari ikija, inakuja kimya. Mwaka 2022 duniani kote waligunduliwa wagonjwa wapya kama 324,000, na waliokufa mwaka huohuo walikuwa kama 207,000. Sababu kubwa ni kuchelewa: ovari iko ndani sana, na uvimbe unaweza kukua muda mrefu bila kugusa kitu kinachouma.

Iko pia habari njema inayosemwa mara chache. Vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo hupewa wagonjwa wengi wa endometriosi ili kutuliza maumivu, vinapunguza hatari ya kansa ya ovari, na kadiri mtu anavyovitumia miaka mingi ndivyo kinga inavyoongezeka. Kuzaa na kunyonyesha navyo vinapunguza. Kwa wengi hakuna sababu ya kukimbilia kutolewa ovari. Ni mazungumzo ya mama na daktari wake, kufuatana na umri, uvimbe na historia ya jamaa yake.

Vipimo vinavyowachanganya watu

Wamama wengi wa Uvira wamesikia kipimo cha siki, kile ambacho muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi kuangalia dalili za kansa. Ni kipimo kizuri, lakini kinaona mlango tu. Ovari hakiioni. Mama aliyeambiwa "uko mzima" kwa kipimo cha siki hajachunguzwa ovari.

Kuna pia kipimo cha damu kinachoitwa CA-125. Kinaweza kupanda kwa mwenye kansa ya ovari, lakini kinapanda pia kwa mwenye endometriosi asiye na kansa yoyote. Karatasi yenye namba kubwa peke yake haitoshi kumwambia mtu ana kansa. Huko Uingereza, wanawake zaidi ya 200,000 walifuatiliwa miaka mingi ili kuona kama kuwapima damu na ekografia wasio na dalili kunaokoa maisha. Jibu lilitoka mwaka 2021: vifo havikupungua.

Kwa hiyo, hata kwa nchi zenye mashine zote, kinachobaki ni kusikiliza mwili. Dalili za kuangalia ni tumbo kujaa na kuvimba lisirudi, kushiba upesi kwa chakula kidogo, maumivu ya tumbo la chini yasiyofuata tena mwezi, na kukojoa mara kwa mara. Dalili hizo zikiwa mpya na zikija karibu kila siku kwa wiki kadhaa, hasa kwa mwenye miaka zaidi ya 40 au aliyekwisha kukoma hedhi, ni za kupelekwa kwa daktari na kufanyiwa ekografia. Mama aliyekuwa na uvimbe wa chokoleti zamani, akaona maumivu yamebadilika au uvimbe unakua baada ya hedhi kukoma, asiseme "ni ule ugonjwa wangu wa zamani". Hapo ndipo wengi wanapochelewa.

Karatasi zinazobaki nyumbani

Uvira imejifunza kukimbia. Mwaka 1996 jamaa nyingi zilivuka ziwa, zikafika hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwezi wa nne mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika usiku na kubeba nyumba na watu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2025, vita vilipofika mjini, maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Burundi. Kila safari watu wanabeba watoto, sufuria, godoro kama nafasi ipo. Fishi ya hospitali inabaki.

Kwa ugonjwa wa malaria hasara si kubwa, kipimo kinarudiwa. Kwa ugonjwa huu hasara ni kubwa. Daktari wa kambini akiona uvimbe kwenye ovari, swali lake la kwanza ni kama ulikuwapo tangu zamani na ulikuwa na ukubwa gani. Uvimbe wa sentimita 4 uliokaa hivyo miaka mitano ni habari moja. Uvimbe wa sentimita 4 ambao mwaka jana haukuwapo ni habari nyingine. Pasipo karatasi, historia ya mama inaanza upya kila anapofika, na anarudishiwa yale majina ya mwanzo: infeksio, amibe, tifoide.

Ndiyo maana jambo dogo linaweza kusaidia. Mwenye simu apige picha fishi zake na karatasi ya ekografia, atume kwa mtoto au dada anayekaa mahali pengine. Asiye na simu akariri mambo manne: mwaka uvimbe ulipoonekana, upande gani, sentimita ngapi, na nani katika jamaa, upande wa mama na wa baba, aliyewahi kuugua kansa ya titi au ya ovari. Mambo manne hayo yanabebeka hata usiku, hata kwa mtumbwi.

Matibabu ya endometriosi yapo: dawa za maumivu, vidonge vya homoni, na kwa wengine operesheni. Hakuna inayoiondoa kabisa, lakini mtu anaweza kuishi vizuri nayo. Kansa ya ovari inahitaji operesheni kubwa na dawa za kansa, na hizo hazipatikani kila mahali. Kutoka Uvira hadi Bukavu ni kama kilomita 120 wakati barabara iko wazi. Mbali zaidi kuna Butaro, Rwanda, kituo cha kansa kilichofunguliwa mwaka 2012. Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoanza Kampala mwaka 1967. Na Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa mtu wa kambini hayo ni majina ya mbali, na barabara ikifungwa yanakuwa mbali zaidi. Hivyo kila mwezi unaookolewa mwanzoni una maana.

Wamama waliopanda Lemera zamani walibeba maumivu yao mlimani kwa sababu huko juu kulikuwa na mtu wa kuwauliza yalianza lini. Swali hilo halihitaji mashine. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuliuliza, mama anaweza kumwuliza binti yake, mume anaweza kumwuliza mke wake, na jibu likaandikwa mahali ambapo halitapotea.